Kinga na Kinga

Ulianza na mto.
Bibi Fusae aliushona kwa mkono, akaujaza maganda ya soba
yaliyopepetwa, yakaoshwa, yakaanikwa siku tatu,
kama mto alioulalia yeye, na mama yake, na mama wa mama yake.
Usiku ule Chihaya, miaka minne, akaamka hana sauti.
Midomo imeumuka. Macho hayafunguki.
Nje, theluji ya Horokanai ilikuwa imefika dirishani.

Mpaka leo bibi hautaji mto.
Husema "usiku ule", basi,
kisha huenda kuchochea jiko lisilohitaji kuchochewa.

Baba anauza tambi za soba. Babu aliuza tambi za soba.
Dukani kuna kinu cha jiwe, na mwezi wa saba
bonde zima huwa jeupe kwa maua yake.
Utamkimbiza wapi mtoto, unga ukiwa ndio ada ya shule?
Yasutaka akajifunza kurudi kwake kama mwizi:
mlango wa nyuma, nguo zivuliwe kwenye banda la trekta,
aoge, asugue kucha, apenge kamasi, aoge tena,
ndipo amkumbatie mwanawe,
ambaye mara nyingi keshalala.
Miaka sita.

Katika lugha ninayoiandikia, neno ni moja:
kinga ni kile kikulindacho,
na kinga ni ukuni wenye kaa kichwani.
Wahenga hawakuijua damu ya Chihaya, ila waliisema:
kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Ndani yake kingamwili zimesimama jozi jozi
juu ya seli zilizosheheni baruti.
Chembe moja ya unga
inazigusanisha vichwa,
na mlinzi anaiteketeza nyumba aliyopewa ailinde.

Kule Asahikawa, Daktari Onodera hachori picha.
Anachomeka vijiti viwili vya kulia kwenye sponji, wima.
Bibi anageuza uso:
hivyo ndivyo husimamishwa kwenye wali wa maiti.
Daktari anaona, anaomba radhi, anaving'oa,
anakivisha kimoja kifuniko cha kalamu, upande wa chini.
"Hiki sasa hakisimami popote," anasema.
"Kinaelea tu."

Hicho kifuniko nacho ni kingamwili, ila ya kufinyangwa.
Asili yake panya;
wakaibadilisha kiungo kwa kiungo
hadi mwili wa mtu usiishtukie,
wakaikuza ndani ya mapipa ya chuma yanayong'aa.
Haizimi moto. Huziwahi kinga zikiwa bado njiani,
huzikamata mguu,
zikafika zimechelewa, hazina pa kukanyaga.

"Haikuponyi," daktari anamwambia mtoto, si wazazi.
"Soba usile. Ila ikikujia bila kualikwa,
huenda isikuangushe."
"Sindano ngapi?"
"Kila wiki mbili."
"Mpaka lini?"
Daktari anatazama vile vijiti.

Ya kwanza alilia.
Ya tano alihesabu ng'ombe kwenye kalenda ya ukutani.
Ya tisa alimfundisha nesi majina yao.

Kisha Februari moja mabomba ya bandani yakaganda.
Yasutaka hana maji, hana mvuke, hana nguo nyingine,
nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri,
amesimama barazani anagonga kioo kwa kidole,
anaashiria: nileteeni taulo, msinifungulie.
Unga umejaa kwenye nyusi.

Chihaya akafungua.
Akamvuta kwa mkanda wa aproni,
akampangusa nyusi kwa dole gumba, moja, kisha ya pili,
kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha.

Hakuna aliyesema neno.
Bibi Fusae nyuma yao, sindano ya dharura mkononi,
kifuniko chake hakijang'olewa.
Dakika kumi. Dakika ishirini.
Birika likachemka, likaachwa lilie.

Mtoto akapiga chafya.
Nyumba nzima ikakata pumzi.

"Ni baridi," akasema. "Hamjafunga mlango."